Laki Nane Usiipeleke Kwenye Kamera

Msomaji mmoja wa Gungu, Kigoma, ametuandikia: ana laki nane, anataka kusomea uprodyuza wa filamu, anunue kamera gani? Asinunue. Simu nzuri inatosha kujifunzia, na kamera hukodishwa siku ya kazi. Fedha hiyo itoe maikrofoni ya kubana shatini yenye manyoya ya kuzuia upepo, na diski mbili za nje za kuhifadhia picha, na inayobaki iwe nauli ya boti na wali wa timu. Prodyuza hashiki kamera, mdogo wangu. Yeye ndiye anayefanya boti, mwigizaji, chakula na kibali vikutane mahali pamoja kwa saa iliyopangwa.

Anza na skripti ya kurasa tatu. Ukurasa mmoja ulioandikwa kwa mpangilio wa kawaida hutoa kama dakika moja kwenye skrini. Ipitie kwa kalamu za rangi, kila kundi rangi yake: waigizaji, mavazi, vifaa vya mkononi, magari, wanyama. Kisha panga sini (vipande vya hadithi) kwa lokesheni, yaani mahali pa kupigia, si kwa mfuatano wa hadithi. Sini zote za mwalo wa Kibirizi zipigwe siku moja, hata kama moja inafungua filamu na nyingine inaifunga. Timu ndogo humaliza kurasa tatu hadi tano kwa siku. Anayeahidi kumi hajawahi kusubiri injini ya boti inyamaze ili mtu aseme mstari mmoja.

Kwenye ratiba ndipo Kigoma inapowaumbua wanaopanga kwa saa ya Dar. Jua huku huchwa kama dakika 40 baada ya Dar, na la utosi hufika karibu saa saba, si saa sita. Kuanzia saa tano hadi saa tisa macho ya mwigizaji yanageuka mashimo meusi, basi pigeni ndani ya nyumba au pumzikeni mle chakula. Ziwa liko magharibi: asubuhi uso unaolipa ziwa mgongo unapata mwanga, jioni unakuwa kivuli, isipokuwa umrudishie mwigizaji mwanga kwa ubao mweupe. Ukitaka taa za wavuvi wa dagaa nyuma ya mwigizaji, angalia mwezi kabla ya kitu kingine, kwa sababu mbalamwezi ikiwaka wavuvi hupumzika na ziwa linabaki tupu. Kiangazi moshi wa mioto huficha milima ya Kongo. Masika mvua juu ya bati humaliza sauti yote, na hakuna mhariri wa kuiokoa.

Umeme wetu ni wa hezi 50. Weka fremu (picha) 25 kwa sekunde na shata, yaani muda kamera inaopokea mwanga kwa kila picha, 1/50 ya sekunde, kwani ukiacha 1/60 baadhi ya taa zitachora mistari inayotembea kwenye picha. Programu ya kamera ya simu ikikunyima shata, tafuta nyingine.

Bajeti: andika idadi, si makisio. Watu wanane, siku mbili, milo miwili ni sahani 32, na hilo ndilo fungu linalosahaulika na linaloleta ugomvi wa kwanza kambini. Ongeza asilimia 10 ya dharura.

Vibali vina wenyewe tofauti. Bodi ya Filamu inasimamia upigaji chini ya Sheria Na. 4 ya 1976, Hifadhi ya Gombe ni TANAPA (hifadhi za taifa), droni ni TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga), stesheni na bandari pia uliza kwanza. Mwigizaji asaini makubaliano kabla hajasimama mbele ya kamera, hata akiwa binamu yako. Wimbo wa mtu hautumiki kwa ruhusa ya mdomo.

Chuo? TaSUBa, taasisi ya sanaa ya Bagamoyo, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanafundisha filamu. Sifa za kujiunga soma kwenye miongozo ya NACTVET (baraza la elimu ya ufundi) kwa cheti na diploma, TCU (tume ya vyuo vikuu) kwa shahada. Nenda ukiwa tayari na faili la filamu yako ya kurasa tatu.

Halafu kadi ya kumbukumbu ya kamera. Ukirekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde, saa moja hula GB 45, hivyo kadi ya GB 64 haifiki saa moja na nusu. Nakili kwenye diski zote mbili usiku uleule, fungua faili kadhaa kwenye kila diski na uzitazame hadi mwisho, ndipo ufute kadi. Diski moja ilale nyumba nyingine.