Maswali na majibu: Bobby Clark na kazi ya kufundisha mpira chuoni

Niliandika hapa juzijuzi, kwa kifupi mno, kuhusu Bobby Clark, Mskoti aliyeipa Chuo Kikuu cha Notre Dame ubingwa wa soka ya wanaume wa vyuo vikuu Marekani mwaka 2013. Maswali yamemiminika kuliko nafasi niliyonayo. Nimechukua yanayohusu kazi yenyewe ya ukocha, pamoja na moja la mzazi ambalo halifai kusubiri.

Huyu Clark ni nani hasa? Huku kwetu tunawajua makocha wa Ulaya tu.
*Msomaji, Dodoma*

Ni wa Ulaya huyo huyo, ndugu yangu. Alizaliwa Glasgow mwaka 1945 na akawa golikipa wa klabu ya Aberdeen kwa miaka 17 hivi. Aliichezea timu ya taifa ya Uskoti mechi 17. Msimu wa 1970/71 alikaa golini dakika 1,155 bila kuruhusu bao, rekodi ya Uingereza nzima kwa wakati ule. Mwaka 1980 alikuwa kipa wa Aberdeen iliyochukua ligi chini ya kocha kijana aitwaye Alex Ferguson. Kwa misimu 14 kabla ya hapo kombe lile lilikuwa likizunguka baina ya Celtic na Rangers peke yao.

Lakini kuna jambo ambalo wengi hulipita haraka: Clark alisomea ualimu wa elimu ya viungo katika chuo cha Jordanhill. Kabla hajawa kocha alikuwa mwalimu, na kwa maoni yangu hapo ndipo pa kuanzia ukitaka kuielewa kazi yake yote iliyofuata.

Alipotundika glovu hakukimbilia klabu kubwa. Mwaka 1983 alihamia Bulawayo, Zimbabwe, na familia yake, akaifundisha Highlanders. Nchi ilikuwa na miaka mitatu tu ya uhuru. Wanawe walikulia kwa muda katika mji ule, na jambo hilo lilikuja kuzaa matunda baadaye, nitalieleza. Mwaka 1985 akavuka bahari kwenda Dartmouth, chuo cha mji mdogo wa Hanover, New Hampshire, ambako theluji huwahi kuanguka. Dartmouth iko kwenye Ivy League, ligi ya vyuo vikongwe vya Marekani, na vyuo vya ligi hiyo havitoi ufadhili wa masomo kwa sababu ya kipaji cha michezo. Kocha lazima atafute kijana mwenye alama za kuingia darasani kwanza, halafu ndipo aangalie kama anajua kupiga pasi. Pamoja na kikwazo hicho, Clark aliifikisha timu hiyo robo fainali ya taifa.

Katikati ya miaka ya 1990 aliifundisha timu ya taifa ya New Zealand, kisha mwaka 1996 akarudi Marekani, safari hii Stanford, California. Mwaka 1998 alifika fainali akafungwa na Indiana 3-1. Kwenye kikosi chake siku ile alikuwamo mwanawe Jamie. Mwaka 2001 akahamia Notre Dame na hakuondoka tena mpaka alipostaafu baada ya msimu wa 2017.

Kwa hiyo toka alipoanza kufundisha chuo Marekani mpaka alipolishika kombe ilipita miaka 28. Alikuwa na umri wa miaka 68. Sijui kama kuna kiongozi wa klabu kwetu angemvumilia hata mitatu.

Hiyo fainali ya 2013 ilikuwaje? Tusimulie.
*Msomaji, Nakuru*

Ilichezwa Desemba katika uwanja wa Chester, Pennsylvania, kando ya mto Delaware. Wapinzani walikuwa Maryland ya kocha Sasho Cirovski, mtu aliyekwishabeba kombe mwaka 2005 na 2008, na mbele alikuwa na Patrick Mullins, mshambuliaji aliyechukua tuzo ya mchezaji bora wa vyuo miaka miwili mfululizo. Huyo Mullins ndiye aliyefunga kwanza. Leon Brown akasawazisha kabla ya mapumziko.

Kipindi cha pili Notre Dame wakapata mpira wa adhabu. Harrison Shipp, mtoto wa viunga vya Chicago mwenye mguu laini ajabu, akasimama juu yake. Hakupiga shuti. Aliuinua ukaingia ndani ya boksi kwa kupinda, beki wa kati Andrew O'Malley akapanda na kuupiga kichwa. Mbili kwa moja, na hivyo ndivyo ilivyoisha. Mabeki wengi wa kati wa kiwango chake hawakumbukwi popote, ila O'Malley atakumbukwa Notre Dame kwa kichwa kile, maana lilikuwa kombe la kwanza la taifa kwa soka ya wanaume ya chuo hicho.

Ninaloipendea timu ile ni kwamba haikuwa na nyota mmoja wa kuitwa mwokozi. Ilipoteza mechi moja tu msimu mzima.

Kocha mkuu wa chuo Marekani ni ajira ya kudumu, au ni mwalimu anayejitolea jioni kama huku?
*Mwalimu wa michezo, Mbale*

Ni ajira kamili, mwalimu. Katika daraja la kwanza la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kuna timu za wanaume zaidi ya 200, na kila moja ina kocha mkuu anayelipwa pamoja na wasaidizi wake.

Ligi huanza mwishoni mwa Agosti na kwisha Desemba, mechi mbili kwa wiki mara nyingi. Ndani ya msimu, sheria inataka mchezaji asizidishe saa 20 za mazoezi na mechi kwa wiki, kwa sababu ni mwanafunzi. Kwa hiyo kocha hana nafasi ya kuwakimbiza vijana asubuhi na jioni. Anachagua la kufundisha na anaacha mengine. Wachezaji husafiri na vitabu, na kijana akishindwa darasani anakaa nje hata kama ndiye mfungaji bora.

Miezi iliyobaki kazi ni kutafuta wachezaji. Kila mwaka wachezaji wa mwaka wa nne wanahitimu na kuondoka. Hebu fikiria kocha wa Simba au Gor Mahia anyang'anywe robo ya kikosi kila Juni, wale wazoefu kabisa, na asiruhusiwe kununua mtu. Atakachofanya ni kuzunguka shule za sekondari na akademi, kukaa sebuleni na wazazi, kueleza kijana atasoma nini na atalala wapi. Clark alisifika kwa hilo. Mzazi akikaa na mtu aliyesomea ualimu anamtambua.

Sheria nazo zina vituko kwa mtu aliyezoea za FIFA: saa ya uwanjani huhesabu kurudi nyuma mpaka sifuri, na mchezaji aliyetolewa anaweza kurudi kwa masharti.

Makocha waliofanikiwa vyuoni huwa hawachukuliwi na timu kubwa?
*Msomaji, Arusha*

Wengine huchukuliwa. Bruce Arena alianza na Virginia mwaka 1978, akabeba ubingwa mara tano, nne za mwisho mfululizo toka 1991 hadi 1994. Akaenda klabu ya DC United, akatwaa kombe la kwanza kabisa la MLS, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani, mwaka 1996, na mwaka 2002 aliifikisha Marekani robo fainali ya Kombe la Dunia. Sigi Schmid naye alitoka UCLA akiwa na makombe matatu akaingia MLS. Siku hizi kuna pia kuhamishana baina ya vyuo: Rob Dow aliipa Vermont ubingwa Desemba 2024, kila mtu akashangaa, na muda mfupi baadaye akawa kocha wa Penn State.

Ila mimi moyo wangu uko kwa Jerry Yeagley wa Indiana. Alifika Bloomington, mji wa chuo hicho, mwaka 1963 akakuta mpira ni klabu ya wanafunzi tu, chuo hakiutambui. Aliilea klabu hiyo miaka kumi, mpaka chuo kikakubali kuwa na timu rasmi mwaka 1973. Halafu akaanza kupoteza fainali: 1976, 1978 na 1980, zote mbele ya timu moja, San Francisco. Mtu mwingine angesema ni mkosi. Mwaka 1982 akarudi fainalini dhidi ya Duke, mchezo ukaenda vipindi vinane vya nyongeza, ndiyo, vinane, mpaka Gregg Thompson alipofunga bao lake la pili, Indiana wakashinda 2-1. Likafuata la 1983, 1988, 1998, 1999, na la sita 2003, ambalo alilichukua katika msimu aliokwishatangaza kuwa wa mwisho wake. Mwanawe Todd, aliyewahi kumchezea, alikabidhiwa timu mwaka 2010 na akaipa Indiana kombe jingine 2012.

Miaka kumi ya kulea klabu isiyo na bajeti kabla ya mechi ya kwanza rasmi! Ningependa viongozi wa michezo wa vyuo vyetu wasome hapo mara mbili, kwa sababu vyuo vyetu vingi huunda timu wiki chache kabla ya mashindano na kuivunja basi linaporudi.

Nimesikia kuna chuo cha watu weusi kilichonyang'anywa kombe. Ni kweli?
*Msomaji, Mombasa*

Kweli tupu, na inauma hadi leo. Ni Howard, chuo cha Washington DC. Kocha wao Lincoln Phillips alitoka Trinidad, naye pia alikuwa golikipa kama Clark. Kikosi chake kilijaa vijana wa Karibi na wa Afrika Magharibi. Mwaka 1971 waliifunga Saint Louis 3-2 katika fainali, na Saint Louis ndiyo ilikuwa mabingwa wa kila mara enzi zile. Baadaye NCAA ikawavua ubingwa kwa madai kwamba baadhi ya wachezaji hawakustahili, wakitumia kanuni za mitihani ya kujiunga na za mpira waliocheza makwao, kanuni ambazo mgeni zilimbana kuliko mwenyeji.

Phillips hakuondoka. Alisajili upya. Mwaka 1974 Howard ilishinda mechi zote 19 za msimu, na fainali ikaangukia kwa nani? Saint Louis tena, tena mjini kwao. Vipindi vinne vya nyongeza vilichezwa, Mnigeria Kenneth Ilodigwe akafunga, 2-1. Safari hii hakuna aliyepata kanuni ya kuwanyang'anya.

Phillips hakuwa na makombe sita kama Yeagley. Nikiulizwa nani alifanya kazi ngumu kuliko wote, namtaja yeye bila kusita.

Ulisema Clark aliacha kitu Zimbabwe. Kitu gani?
*Muuguzi, Kigoma*

Dada, hili litakugusa. Mwanawe mkubwa, Tommy, aliyeishi Bulawayo akiwa kijana, alirudi huko baadaye kucheza Highlanders na kufundisha shule. Akakuta UKIMWI unawamaliza watu aliowafahamu, na hakuna anayeutaja kwa jina. Alisomea udaktari, na mwaka 2002 yeye na wenzake wakaanzisha Grassroot Soccer huko huko Bulawayo: wachezaji ambao watoto wanawaheshimu wanafundishwa kuzungumza nao kuhusu virusi, kupima na kujikinga, kwa michezo ya uwanjani. Mmoja wa wenzake ni Methembe Ndlovu, mtoto wa Bulawayo aliyesoma Dartmouth na kuichezea Zimbabwe. Mwingine ni Ethan Zohn, Mmarekani aliyeshinda shindano la televisheni lililorekodiwa mwaka 2001 katika hifadhi ya Shaba, Kenya, akatoa sehemu ya fedha za ushindi.

Hayo hayaandikwi kwenye jedwali la matokeo ya kocha. Mimi nayaweka mbele ya kombe la 2013.

Kuna mtu wa kwetu aliyepitia mikono ya makocha hawa?
*Msomaji, Doha*

Yupo. Handwalla Bwana alizaliwa Mombasa katika familia ya Kisomali, akakulia Seattle, akacheza Chuo Kikuu cha Washington. Kocha wake pale? Jamie Clark, yule mtoto wa Bobby aliyepoteza fainali ya 1998. Mwaka 2018 Bwana akasaini Seattle Sounders. Mkenya Lawrence Olum naye alipitia Missouri Baptist, chuo kidogo kisichotajwa na watu, akafika Sporting Kansas City, alikocheza na Matt Besler, beki aliyelelewa na Bobby Clark Notre Dame.

Mwanangu yuko kidato cha sita, anacheza vizuri. Wakala ametupigia, anasema kocha wa chuo Marekani anamtaka na tutume fedha za kumshikia nafasi. Tufanyeje?
*Mama, Morogoro*

Shikamoo mama. Usitume hata shilingi. Kocha wa chuo haruhusiwi kuuza nafasi, na hana sababu ya kufanya hivyo. Anayemtaka kijana humwandikia mwenyewe kwa anwani ya barua pepe ya chuo, anaomba video na matokeo ya mitihani, na anataka kuzungumza nawe mzazi.

Elewa pia kuhusu ufadhili. Kwa miaka mingi kila timu ya wanaume ya daraja la kwanza ilikuwa na nafasi kamili 9.9 za kugawa kwa wachezaji karibu 30, hivyo wengi walilipiwa sehemu tu. Kuanzia msimu wa 2025/26, vyuo vilivyoingia katika utaratibu mpya vinaweza kufadhili kikosi chote, ila kisizidi wachezaji 28. Kwa hiyo uliza kwa maandishi: wanalipa kiasi gani, kwa mwaka mmoja au minne, na kijana akiumia itakuwaje. Na asisaini wala kulipwa na klabu yoyote kabla ya kuuliza, maana inaweza kumharibia ustahili wake. Vipo pia vyuo vya miaka miwili na vya NAIA, chama kingine cha michezo ya vyuo, ambako Olum alianzia, na mlango wake ni mpana zaidi.

Muulize huyo wakala jina la chuo, halafu unitumie. Nitaangalia kwanza kama kina timu ya wanaume, kwa sababu vyuo vikubwa kama Chuo Kikuu cha Texas cha Austin, Chuo Kikuu cha Florida na Chuo Kikuu cha Alabama havina, na jina lake likiwa mojawapo ya hayo, kata simu.