Jibu: Roboti ya bomba la inchi 12 inayopotea ikishapita elbo ya pili

Ndugu wa Jinja, kama nimekuelewa, roboti yako ya magurudumu matatu inatembea vizuri kwenye bomba la chuma lenye kipenyo cha ndani cha milimita 300, ila ikipita elbo (kona ya bomba) ya pili rimoti ya 2.4 GHz inakatika na umbali unasomeka uongo. Kamera iache kwanza, haina kosa.

Aliyekushauri uhamie 433 MHz eti "inafika mbali" amekupoteza. Bomba la chuma halipitishi mawimbi ya redio yenye masafa ya chini ya kiwango fulani, na kwa milimita 300 kiwango hicho ni karibu 586 MHz. Ishara ya 433 itakufa ndani ya mita mbili tatu hata uongeze nguvu. Kebo badala ya rimoti nayo ina mipaka: kipimo cha msuguano kikiwa 0.3, kila elbo ya nyuzi 90 huzidisha nguvu ya kuivuta mara 1.6, kwa hiyo elbo tatu ni zaidi ya mara nne. Basi maamuzi yakae ndani ya roboti yenyewe.

Umbali usiupime kwenye gurudumu linaloendeshwa na mota, maana hilo huteleza penye kutu na matope na kuendelea kuhesabu. Weka gurudumu dogo lisilo na mota, lenye springi na enkoda (kihesabu mizunguko) yake. Kisha sahihisha kwa mishono ya weldingi: mabomba mengi huja na urefu wa mita 6 au 12, lakini fundi hukata, hivyo fuata mchoro wa kiwanda. Dira ya sumaku ing'oe kabisa, ndani ya chuma haina maana.

Kwenye elbo ndipo wengi hukwama. Magurudumu yote yakipewa kasi moja, mojawapo litaburuzwa na ampea za mota zitapanda ghafla. Elbo ikiwa imepinda kwa rediasi ya milimita 450, gurudumu lililo upande wa nje kabisa lipewe 1.33 ya kasi ya katikati, na mengine mawili 0.83. Ili programu ijue lipi liko nje, lazima ijue roboti imejizungusha kiasi gani. Kwenye bomba la kulala, sensa ya mvutano wa dunia inatosha. Kwenye bomba la kusimama haisemi kitu. Hapo utategemea jiroskopu (sensa ya kupima mzunguko), nayo kipimo chake huhama polepole, kwa hiyo usikawie.

(Bomba la EACOP, lile la mafuta ghafi la Uganda hadi Tanzania, la inchi 24, usililinganishe na hili. Kwenye mabomba marefu ya namna ile kifaa cha ukaguzi husukumwa na mafuta yenyewe.)

Amri ya kurudi iandike kabla ya zote: mawasiliano yakikatika sekunde 10, isimame, kisha irudi kinyumenyume. Betri nayo usiiwekee asilimia 50 kwa mazoea kuwa ndiyo mahali pa kugeuka. Kama ilikwenda ikishuka, kurudi ni kupanda, na kutakula umeme zaidi ya kwenda.