Dogo, kabla hujanunua hiyo Vitz

Kila bumu (hela ya mkopo wa chuo) likitoka lazima dogo mmoja anitumie picha ya Vitz ya silva, imepakiwa chini ya mwembe, rim zimepigwa rangi nyeusi, na chini kaandika "bro hii vipi, jamaa anataka milioni tano na nusu". Nishachoka kurudia kwa voice note, so naandika hapa, atakayeuliza tena namtupia hii.

1. Unaenda wapi kwanza? Kama unakaa Magufuli Hostel ya UDSM au umepanga Changanyikeni au Msewe jirani na chuo, niambie hiyo gari inakupeleka wapi. Nilikuwa na jamaa anawasha gari kutoka hosteli kwenda madarasa ya Yombo, humo humo chuoni, akifika anazunguka kutafuta kivuli cha kupaki, anaingia lecture ishaanza huku sisi wa miguu tushakaa mbele na AC inatupiga. Wenye sababu wapo, sibishi. Dada mwenye mtoto wa kupitia dei kea, anayepiga kazi jioni, anayetoka Kibaha au Kigamboni, mtu ambaye mguu haumruhusu kugombania daladala dirishani. Hao wanunue. Ila wewe unayetaka uonekane Mlimani City, Bolt ipo.

2. Hesabu zenu zinaishia kwenye bei ya kununulia, ndo shida. Bodi ya Mikopo inakupa elfu kumi kwa siku, kula na kulala, inaingia ya siku 60 kwa mpigo, unaona laki sita unajiona tajiri. Haya, kaa Bunju, kuja chuo Mlimani na kurudi ni kama kilomita hamsini, ki-Vitz kwenye foleni ya Mwenge kinakula lita tatu na ushee, petroli ikicheza kwenye elfu tatu hapo hela ya siku imeisha na hujanywa hata chai. Bima ndogo (third party) 118,000 kwa mwaka. Trafiki 30,000 kwa kosa, na kosa halikosekani, hata taa ya namba ya nyuma ni kosa. Road license walau waliifuta 2017 wakaihamishia kwenye mafuta, zamani ulikuwa unadaiwa hata gari ikiwa juu ya mawe. Na ukishakuwa na gari utaanza kujua Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA wanatangaza bei gani ya mafuta, kitu ambacho mwanafunzi hapaswi kukijua kabisa.

3. Kadi ya gari, ile ya umiliki. Hapa naomba mtulie.

Mwaka wa pili nilibana mabumu, nikawa naprinti watu assignment kwenye steshenari ya jamaa, mama akaongezea za mahindi. Dalali akanipata. Gari safi, bei iko chini ya wenzake karibu milioni, na mimi badala ya kujiuliza kwa nini iko chini nikajiona mjanja. Kadi? "Iko kwa wakili, Jumatatu unayo, shika kopi." Kopi yenyewe ya rangi, nzuri kuliko original za watu. Mwenye gari tukaambiwa kasafiri, mkataba akasaini mdogo wake, tumeandikishiana kwenye karatasi ya counter book juu ya meza ya baa huku muziki unapiga. Ilikuwa Ijumaa jioni, TRA wameshafunga, na Jumamosi kulikuwa na harusi ya kaka yake rumeti wangu nilishaahidi kubeba watu. Yaani harusi ya mtu nisiyemjua ndo ilinimaliza.

Jumatatu ikaja, zikaja nyingine nyingi. Dalali anapokea simu vizuri tu, ananiita boss. Mi nakula raha, nishanunua mpaka kile kimti cha kunukia cha kuning'iniza kwenye kioo.

Asubuhi moja wiki ya test nikaamshwa na mlinzi. Paking kuna jamaa wamechomekea mashati, wapole kabisa, wana bahasha ya kaki, ndani yake kadi original. Mwenye gari alishaiweka rehani akachukua mkopo kitambo, kabla hata mimi sijaiona hiyo gari, na marejesho halipi. Breakdown ya kuivuta gari iko getini. Mmoja wao akaniambia "toa vitu vyako dogo, hatuna shida na wewe". Nikatoa chaja, shuka, notisi za stats na kale kamti ka kunukia. Darasa zima linapita kwenda test linaniangalia nimeshika kamti.

Polisi afande akasoma mkataba wangu mpaka chini, akauliza huyu aliyesaini ni nani. Nikasema mdogo wake mwenye gari. Jina lake la pili? Aisee. Nilikuwa sijui. Namba ya dalali saa hiyo haipatikani, na mpaka leo haipatikani. Test ile nilipata kile nilichopata, nikala supp, yaani kurudia mtihani. Mama anajua niliiuza, na alinisifia kwamba nimefanya la maana.

Kwa hiyo: original mkononi, mwenye jina kwenye kadi awepo mwenyewe na kitambulisho, mwende wote TRA mkahakiki na kubadilisha jina, namba ya chesesi isomwe kwenye gari siyo kwenye karatasi, madeni ya trafiki na ya paking angalia kwa namba ya gari, hela ipite benki mbele ya wakili.

4. Fundi wa kukagua umlete wewe, siyo wa kuletewa na muuzaji. Hizi gari ndogo nyingi hazina mshale wa joto, zina taa tu, ikiwaka nyekundu paki hapo hapo hata kama ni katikati ya Ubungo, usiseme nafika tu hapo mbele, hapo mbele ndo gasket inapoungulia. Weka coolant, maji ya bomba wape maua.

5. Usiazimishe. Wanaorudisha tanki likiwa na mafuta sijawahi kukutana nao, na akigonga mtu, bima ndogo inamlipa aliyegongwa, bati lako utanyoosha mwenyewe pale gereji kwa hela ya field (mafunzo ya vitendo).

6. Na wanaouliza Vitz au IST, yoyote ambayo spea zake zimejaa Ilala. Subaru subiri uajiriwe.