Maswali ya Wasomaji: Siku za Kwanza na Windows 11

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa sekondari mkoani Morogoro, na ninatumia kompyuta mpakato niliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika. Juzi niliukubali ule ujumbe uliokuwa ukijitokeza kila mara, nikaiacha usiku kucha ihame kutoka Windows 10 kwenda Windows 11. Sura yake inapendeza, sikatai. Hata hivyo imekuwa nzito, feni haitulii, kitufe cha Start kimehamia katikati, na orodha inayotokea ninapobofya faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya imefupishwa. Zaidi ya yote, mitihani niliyoihifadhi kwenye Desktop sasa ina alama ya wingu pembeni, na bando la simu ninayoiunganisha na kompyuta linakwisha kabla ya jioni. Mwenzangu ananishauri nirudi Windows 10. Je, inawezekana, na je, ni busara?

JIBU: Mwalimu, inawezekana, lakini muda wako ni mfupi, kwa hiyo tuanze na hilo. Ukihama kwa njia uliyoitumia, mfumo endeshi wa zamani haufutwi papo hapo. Huhifadhiwa katika folda iitwayo Windows.old ndani ya diski C, na kwa siku 10 unaweza kuurejesha kwa kufungua Settings, kisha System, kisha Recovery, na kubofya Go back. Siku hizo zikipita, folda hiyo hufutwa yenyewe na njia hiyo haipo tena. Kwa sababu hiyo usimruhusu mtu yeyote akusafishie kompyuta kwa sasa, maana folda hiyo hula gigabaiti nyingi na fundi anayetafuta nafasi huiona mapema. Ukitaka kuongeza muda, andika cmd kwenye kisanduku cha kutafutia, uifungue kwa kuchagua Run as administrator, kisha uandike amri hii: DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:30. Utakuwa na siku 30 badala ya 10, na unaweza kufika hadi 60, mradi amri itolewe kabla muda wa kwanza haujaisha.

Ninakushauri uongeze muda huo, kwa kuwa siku za mwanzo hazitoi picha ya kweli. Baada ya kuhama, mfumo hupanga upya faharasa ya faili zote ili uweze kuzitafuta, hupakua viendeshi (programu zinazoviwezesha vifaa kama printa kufanya kazi), husasisha programu moja baada ya nyingine na kukagua virusi, na kazi hizo zote hufanyika huku wewe ukijaribu kuandika andalio la somo. Iache ikiwa imewashwa na kuchomekwa kwenye umeme kwa saa kadhaa usipoitumia. Ikiwa baada ya siku chache bado ni nzito, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, utazame safu iliyoandikwa Disk. Ukikuta imeganda karibu na asilimia 100 wakati hufanyi lolote, na kompyuta yako ina diski ya zamani ya kuzunguka, basi umempata mhusika. Windows 10 nayo ilikuwa ikisumbuka na diski za aina hiyo. Fundi anaweza kunakili kila kitu kwenye diski ya SSD, aina ya kisasa isiyozunguka na yenye kasi zaidi, bila kupoteza hata faili moja. Vigezo rasmi vinasema RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya gigabaiti 4 inatosha. Mimi nasema inatosha kuwasha kompyuta, na mtu anayefungua kivinjari na Word kwa wakati mmoja atafute 8. Mwenye fedha ya kubadilisha kitu kimoja tu aanze na diski.

Mambo ya sura ni mepesi. Fungua Settings, kisha Personalization, kisha Taskbar, na chini ya Taskbar behaviors uirudishe Start upande wa kushoto. Orodha ndefu ya zamani bado ipo: shikilia Shift unapobofya kwa kitufe cha kulia, au uchague Show more options.

Hilo la wingu ndilo ningelishughulikia leo. Alama hiyo inamaanisha kwamba Desktop yako imeingizwa katika OneDrive, huduma ya Microsoft ya kuhifadhi faili mtandaoni, jambo ambalo mtu hulikubali kwa urahisi anapobofya haraka maswali yanayofuata baada ya kuhama. Alama ya tiki ya kijani inaonyesha kwamba faili ipo pia kwenye kompyuta yako. Wingu tupu la buluu linaonyesha kwamba ipo mtandaoni tu, na bila intaneti haitafunguka. Nafasi ya bure ni gigabaiti 5, na kila kinachopanda huko hupanda kwa bando lako. Tena, mitihani ambayo haijafanyika haifai kukaa katika akaunti ambayo labda imefunguliwa pia kwenye simu wanayochezea watoto nyumbani. Kwanza nakili faili zako zote kwenye flashi. Kisha bofya alama ya wingu karibu na saa, uingie kwenye mipangilio yake, ufungue Sync and backup, halafu Manage backup, na uizime kwa Desktop na Documents. Usishtuke Desktop ikibaki tupu. Faili zitakuwa ndani ya folda ya OneDrive, nawe utazihamisha kwa mkono. Mwisho, katika Settings, ndani ya Network & internet, fungua mtandao wa simu yako na uwashe Metered connection, ili masasisho mengi makubwa yasubiri.

Kuhusu busara, Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mtumiaji binafsi anaweza kujiandikisha kupata masasisho ya ziada ya usalama, na mpango uliotangazwa unafika tarehe 13 Oktoba 2026. Kwa hiyo kurudi kuna maana ikiwa tu kuna kifaa cha kazi kilichokataa. Chapisha ukurasa mmoja, unganisha projekta, fungua programu ya kujumlisha alama. Printa ikigoma, iondoe, kisha upakue kiendeshi cha modeli yake hasa kutoka kwenye tovuti ya mtengenezaji, kabla hujaamua lolote. Vyote vikifanya kazi, baki ulipo.

SWALI: Nina duka la kuchapisha na kutoa nakala mjini Mombasa. Kompyuta yangu ina Core i5-6300U, na nimeambiwa haifai kwa Windows 11. Fundi anasema ataiingiza kwa nguvu. Nimruhusu?

JIBU: Kwa prosesa za Intel za umri wa hiyo yako, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi chake. Yako ni ya kizazi cha 6, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka kuanzia cha 8, isipokuwa chache sana za cha 7, pamoja na TPM 2.0, kijisehemu cha usalama ndani ya kompyuta. Fundi hakudanganyi, kwani inaingia na huwa inafanya kazi, lakini Microsoft haikuhakikishii masasisho, na katika duka ambalo wateja huchomeka flashi zao mchana kutwa, mimi nisingethubutu. Jiandikishe kwenye masasisho ya ziada ya Windows 10 huku ukitafuta ya kizazi cha 8. Usipotaka kununua, jaribu Linux Mint, mfumo endeshi mwingine usio wa Microsoft: haina malipo, na unaweza kuiendesha kutoka kwenye flashi bila kuiingiza kwenye diski. Ukifanya hivyo, pima kwa kazi zako halisi: hati ya Word ya mteja yenye majedwali, fomu ya Excel yenye makro (amri zinazojiendesha zenyewe), na printa yako kubwa ikiwa na karatasi za pande mbili. Fomu yenye makro ndiyo inayoelekea kukusumbua zaidi, kwa hiyo anza nayo.