Rupia ya Mjerumani: usilipe kabla hujachungulia bei zilizouzwa

Ndugu wa Mafinga, nimekusoma: umeona mtandaoni noti ya rupia 1 ya 1916, pesa ya Mjerumani alipotutawala, muuzaji anaiita adimu na anataka laki tatu. Tulia kwanza. Noti za dharura za 1915 hadi 1917 zilichapwa humu humu koloni, Mwingereza alipoziba njia ya meli, na rupia 1 bado zimejaa kwa wakusanyaji. Zinazotoboa mfuko ni zile za 1905 zilizochapwa Leipzig, kule Ujerumani.

Kwenye eBay, soko la mtandaoni, chuja uone zilizokwisha kuuzwa. Bei anayotamani muuzaji haikuhusu. Kisha tafuta kwa Kijerumani, "Deutsch-Ostafrika", yaani Afrika Mashariki ya Mjerumani. Wauzaji wa kule huandika kwa lugha yao, washindani wanakuwa wachache, na hapo ndipo mimi hapa Uyole nimepata za bei poa. Jumlisha nauli ya posta na ushuru kabla ya kushangilia.

Omba picha za pande zote mbili, na nyingine noti ikielekezwa kwenye mwanga. Niliwahi kuruka hatua hiyo nikaletewa shilingi 20 ya 1966 iliyofuliwa na kupigwa pasi, kama shati la harusi! Thamani ilishaondoka.

Ikifika, imulike kwa ile taa ya zambarau ya madukani. Karatasi ya 1916 haipaswi kung'aa buluu; iking'aa, itilie shaka.

Akikwambia utume pesa kwa simu moja kwa moja, achana naye. Kwa noti ya mamilioni, nunua iliyopimwa na PMG, kampuni inayohakiki noti na kuzipa daraja, ukahakiki namba yake kwenye tovuti yao.