Shangazi, mhusika wangu hajatoka kitandani

*Shangazi, shikamoo. Huu ni mwaka wa 4 naandika riwaya. Sura ya kwanza nimeiandika mara 19, na Zaituni wangu bado anajinyoosha kitandani jogoo akiwika. Jalada nimeshalichora, na shukrani zimefika kurasa 3. Makaratasi yamejaa meza ya chakula, tunakula mkekani, na mume wangu kila siku ananiuliza Zaituni ataamka lini ili naye apate meza yake. Niache?*
*– Mwandishi wa Mkekani, Tanga*

Marahaba, mwanangu. Usiache, wala usimnunie mumeo, maana swali lake ndilo ambalo mhariri angekuuliza.

Zaituni haamki kwa sababu hujampa la kuamkia. Chukua karatasi moja ujibu mambo matatu, kila jibu sentensi moja: anataka nini, nani anamzuia, na akikosa atapoteza nini. "Anataka furaha" si jibu. "Anataka hati ya shamba la baba yake kabla kaka yake hajaliuza Ijumaa" ni jibu, na tayari limekupa mtu wa pili, siku ya mwisho na mahali pa kwenda. Mwanamke mwenye shida hiyo hangoji jogoo. Kisha andika sentensi ya nne: mambo yanaishaje. Utaibadilisha ukitaka, lakini bila hiyo hujui sura ya kwanza inamwahidi nini msomaji, na ndiyo maana umeirudia mara 19. Unapima mlango wa nyumba isiyo na kuta.

Sura hiyo itie kwenye bahasha pamoja na jalada na zile shukrani, ibandike gundi, mpe mumeo aifungie kabatini. Haifunguliwi mpaka rasimu yote iishe, hata ukilia. Wewe anza na sura ya pili.

Sasa hesabu. Usitishwe na wanaokwambia riwaya lazima ifike maneno 80,000. Wengi wao wanahesabu kwa Kiingereza. "Hatutawasahau" kwetu ni neno moja, kwa Mwingereza ni matano. Maneno 45,000 ya Kiswahili ni riwaya kamili. Andika 300 kwa siku, siku 5 kwa wiki: hayo ni 1,500, na wiki ya 30 umemaliza. Kitabu cha kawaida kikibeba maneno kama 300 kwa ukurasa, zitatoka kurasa 150. Ukiongeza za mwanzo, kama ya jina la kitabu na zile za shukrani, zinafika 160. Mpiga chapa ataifurahia namba hiyo, kwa sababu karatasi kubwa za kitabu mara nyingi hukunjwa mafungu ya kurasa 16, na 160 ni mafungu 10 kamili.

Meza ni yako saa 11 hadi saa 12 alfajiri. Ikigonga 12, kila kitu kinaingia kapuni na chai inaandaliwa mezani. Ukikwama kwa jambo usilolijua, andika kwa herufi kubwa TAFUTA NAULI YA BASI uendelee. Ukienda kuitafuta saa hiyo hiyo, simu itakumeza. Usisome ya nyuma zaidi ya aya ya mwisho. Na acha kazi katikati ya sentensi, ili kesho ukute pa kushika.

Katikati ya safari, hadithi itapoa na wazo jipya litakuja limejipamba. Liandikie ukurasa mmoja, liweke kando. Dawa ya hadithi iliyopoa ni kumsogeza mpinzani: kaka apate mnunuzi Jumatano badala ya Ijumaa.

Rasimu ikiisha, usiiguse wiki 4. Kisha isome kwa sauti, kalamu mkononi, maana sikio la Mswahili hukamata kisichoonwa na jicho. Utasikia "akaamka, akanawa, akavaa, akatoka" ikitembea kama gwaride; bakiza kitenzi chenye uzito, mengine futa. Hesabu "ghafla" zako, zikizidi 5 kitabu kizima punguza. Sikiliza mazungumzo: kama mama mkwe, utingo na mwanasheria wote wanaongea kama msoma taarifa ya habari, hujawasikia bado. Methali nazo mwachie mhusika mmoja anayezipenda. Zikimwagwa kila ukurasa, msomaji anajiona yuko darasani.

Hapo ndipo bahasha ifunguliwe. Huenda ukabakiza aya mbili tu za sura ile, nawe hutahuzunika, kwa kuwa utakuwa unajua ni zipi.

Halafu wape wasomaji 3, asiwepo mama yako. Usiwaulize "kizuri?", kwa sababu adabu itawajibia. Waulize: "Ulichokea ukurasa wa ngapi?" Wawili wakitaja ukurasa ule ule, rudi pale ufanye kazi.

Gundi ya bahasha inauzwa duka lolote la vifaa vya shule. Inunue leo kabla ya magharibi, na kesho saa 11 Zaituni awe ameshashika kitasa cha mlango.