Crown kwa matumizi ya kila siku Tanga

Ndugu, umeuliza kama Toyota Crown yenye injini ya 4GR, ya silinda sita na lita 2.5, inafaa kupeleka watoto shuleni kila asubuhi kutoka Raskazone hadi Ngamiani. Kwa utulivu barabarani na nafasi ya nyuma hutajuta, ingawa abiria wa katikati atabanwa miguu na nundu ya sakafuni inayopitisha shafti ya kupeleka nguvu nyuma, kwa kuwa gari hili husukumwa na magurudumu ya nyuma. Shida ni kwamba safari fupi huongeza ulaji wa mafuta, na injini hiyo, inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, huelekea kujaza masizi kwenye vali za kuingiza hewa. Kutu nayo ikague uvunguni, maana tunaishi na chumvi ya bahari. Ikiwa safari ndefu kama ya Dar es Salaam unakwenda kwa nadra, mimi ningechagua Toyota Premio, gari lenye injini ndogo zaidi.